Treni Ikichelewa, Tuachieni Njia

Malindi haijawahi kusikia honi ya treni. Waingereza walipoanza kutandika reli kutoka Mombasa mwaka 1896 waliielekeza bara, ikapita Voi na Nairobi, ikatia nanga Kisumu mwaka 1901. Sisi wa huku kaskazini tukabaki na majahazi yetu, kisha mabasi. Hata SGR, ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, ilifuata mkondo ule ule. Ndiyo maana nikimwambia mtu wa mtaani kwetu Shela kwamba starehe yangu kubwa ni kutembea na kuendesha baiskeli kwenye njia za treni zilizokufa, jibu la kwanza huwa kicheko. Fundi wangu wa baiskeli, mzee wa Kigiriama, aliniuliza bila hata kuinua kichwa: "Reli gani tena mwanangu, na hapa hata bati la stesheni hatuna?"

Ana haki ya kuuliza.

Njia zenyewe ziko hivi. Karne iliyopita, malori na magari yalipozidi, nchi nyingi zilifunga reli zake ndogo ndogo za mashambani. Uingereza, ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963 ilipendekeza kufungwa karibu theluthi ya mtandao mzima wa reli, na stesheni zaidi ya elfu mbili. Vyuma vikang'olewa, mataruma yaliyolala chini yake yakauzwa, na kilichobaki ni utepe wa ardhi uliokatiza mashamba, mito na vilima, hauna mwenyewe wa kuutazama. Sehemu nyingine majirani waliumega wakalima, wengine wakajenga. Lakini mjini Bristol kikundi cha wapenda baiskeli kilichoundwa mwaka 1977 kiliona kitu pale ambapo wengine waliona magugu. Mwaka 1979 wakaanza kutengeneza njia ya miguu na baiskeli juu ya reli ya zamani ya kwenda Bath, na kilomita 21 zilipokamilika katikati ya miaka ya 1980, watu wazima na watoto wakawa wanakwenda mji hadi mji bila kukanyaga barabara ya magari. Kikundi hicho ndicho kilichokuja kuitwa Sustrans. New Zealand nao, mwaka 2000, wakafungua njia ya Otago ya kilomita zipatazo 150, na vijiji vilivyokuwa vimelala tangu treni iondoke vikapata wageni wa kulala na kula.

Utamu wa njia hizi hauko kwenye mandhari tu, ingawa mandhari ipo. Uko kwenye mwinuko. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa wepesi ajabu mahali tambarare, lakini mlimani halina mshiko. Kwa hiyo wahandisi wa reli hawakuwa na hiari: kilima walikipasua, bonde walilijaza tuta, mlima ukikataa kabisa walitoboa handaki. Reli nyingi hazipandi zaidi ya mita mbili kwa kila mita mia. Jasho lile la watu waliochimba kwa sururu na baruti ndilo linalomfanya leo bibi wa miaka sabini apande mlima kwa baiskeli huku akipiga soga. Mimi ni mwalimu, si mwanariadha, na magoti yangu hayana ubishi na jambo hilo.

Nilijionea mwenyewe Italia. Msishangae. Malindi kila ukoo una mtu aliyeolewa au kuoa huko, tangu Waitaliano walipokuja na mradi wao wa roketi Ngomeni miaka ya 1960, wakaipenda pwani, wakaleta jamaa zao, na leo hadi muuza madafu anajua kupatana bei kwa Kiitaliano. Dada yangu anaishi mkoa wa Umbria, katikati ya nchi ile, hakuna bahari, milima mitupu. Nilipokwenda kumtembelea, shemeji akaniambia kwamba reli ya zamani ya kutoka Spoleto kwenda Norcia imegeuzwa njia ya baiskeli, akaniuliza kama nitaweza. Nikamjibu kwamba mimi nimefika Gede na kurudi nikiwa na gunia la nazi kwenye keria. Mama, nilipompigia simu kumweleza, alikuwa na lake: "Umepanda ndege kwenda Ulaya kuendesha baiskeli? Baiskeli hapa zimekwisha?"

Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1926 ikafungwa mwaka 1968. Ilikuwa na urefu wa kilomita 51 na mahandaki 19, na kwa kuwa treni yake ilikuwa nyembamba na ya umeme tangu siku ya kwanza, iliweza kupanda kuliko kawaida ya reli, mpaka mita nne na nusu kwa kila mia. Kwa hiyo pale nilihema. Lakini ni mhemo wa kistaarabu: mlima haukurukii usoni, unakupandisha kidogo kidogo, unakuzungusha, na kila ukigeuka nyuma unauona mji wa Spoleto umeshuka zaidi. Kuna mahali njia inajizunguka juu ya nafsi yake ili ipate kimo, na ukisimama juu unaiona njia uliyopita nusu saa nyuma, iko chini ya miguu yako.

Kisha likaja handaki kubwa, refu kama kilomita mbili. Nje palikuwa na jua kali, nimevaa shati jepesi na mtandio. Shemeji akanipa koti na tochi ya kufunga kichwani, nikamwona ana mzaha. Hatua chache ndani, ubaridi ukanipokea kama mlango wa friji ya samaki. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka darini, moja likanipata shingoni, nikapiga ukelele ambao ulikwenda mpaka mbele huko ukarudi ukiwa wa mtu mwingine. Tairi zilisaga changarawe, na sauti ile ndogo, ambayo nje huisikii, ndani ilijaa kama mtu anatwanga. Mwanga wa tochi ulionyesha masizi? Hapana, treni ilikuwa ya umeme, haikutoa moshi. Ilikuwa ni ukuta mweupe kwa chokaa ya mlimani iliyochuruzika miaka na miaka. Sikuona mwisho. Baadaye nikaona nukta, nikadhani ni tochi ya mtu anayekuja, nikasogea pembeni kumpisha. Ilikuwa ni mlango wa kutokea.

Upande wa pili njia inateremka hadi bonde la mto Nera. Hatukufika Norcia, mji ulioangushwa na tetemeko la ardhi la Oktoba 2016. Magoti na jua vilikubaliana turudi. Nilichokibeba kichwani kutoka huko hakikuwa handaki. Alikuwa ni mkulima tuliyempita karibu na stesheni moja ya zamani, amesukuma toroli lake lenye mbolea katikati ya njia, anakwenda shambani kwake. Hakuvaa nguo za mashindano, hakuwa mtalii. Kwake ile ilikuwa ni njia ya shamba, tambarare, haina gari la kumpigia honi. Akatusalimu, akaendelea na safari yake.

Shemeji aliniambia pia habari za pwani ya Liguria, kaskazini magharibi mwa Italia, karibu na Ufaransa. Huko reli ilikuwa ikipita ufukweni kabisa. Mwaka 2001 wakaihamishia ndani, kwenye mahandaki ya milimani, na ule utepe wa kando ya bahari ukabaki mtupu. Fikiria wewe mtu wa Malindi: kilomita 24 za ardhi ya ufukweni, mita chache kutoka kwenye maji, imebaki wazi. Kwetu ingelala na mwenyewe ikaamka na hati ya mtu. Wao wakaifanya njia ya miguu na baiskeli, kutoka San Lorenzo al Mare hadi Ospedaletti, na ipo mpaka leo.

Hapo ndipo jambo hili liliponiuma, na hapo ndipo linapokuwa letu.

Mtu aliyekulia Malindi au Watamu anajua vijia vya kwendea baharini. Kulikuwa na kijia baada ya kila viwanja kadhaa, wavuvi wakipita na nyavu, watoto wakienda kuogelea, akina mama wakienda kupokea samaki. Leo fuata kijia cha utotoni mwako uone kama hakitakufikisha kwenye ukuta, au geti, au askari anayekuuliza unamtafuta nani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema waziwazi kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Yaani mchanga ni wako na wangu. Tatizo ni kuufikia. Labda ushuke kwa mwavuli kutoka angani.

Kwa hiyo ninaposoma habari za njia za reli sisomi habari za treni. Nasoma habari za ardhi iliyokatwa kwa mstari mmoja mrefu, ikalindwa isimegwe. Kuipata mara ya pili ni kazi kubwa mno. Ukishaiachia ikakatwa viwanja mia tatu, utanunua kwa watu mia tatu, na mmoja wao atakataa. Wamarekani walilitambua hilo mapema, na mwaka 1983 wakaweka sheria: kampuni ya reli ikitaka kuacha njia, ukanda wake unaweza kuwekwa akiba. Watu watembee na kuendesha baiskeli juu yake, lakini usikatwe, ili siku nchi ikihitaji treni tena, njia ipo. Njia ya Katy katika jimbo la Missouri, inayozidi kilomita 380, imesalimika kwa sheria hiyo. Wanaokwenda kule wanaendesha baiskeli juu ya reli ambayo kisheria huenda ikarudi.

Sasa njoo Lamu.

Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walisimama Lamu wakazindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli ya kutoka Lamu kwenda Isiolo, kisha tawi moja Juba na jingine Addis Ababa. Bandari tumeiona, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Reli hatujaiona. Iko kwenye ramani, ndani ya ukanda uliopangiwa upana wa mita 500, unaoanzia upande wa Mokowe na Kililana na kuelekea bara. Kwa hiyo kaskazini mwa pwani hatuna reli iliyokufa. Tuna reli ambayo haijazaliwa.

Na mimi nasema: njia yake tupewe sasa. Wamarekani waliweka akiba njia baada ya treni kuondoka. Sisi tuiweke akiba kabla treni haijaja. Kila sehemu ya ukanda ambayo mwenyewe ameshalipwa na ardhi imeshakuwa ya umma, pasawazishwe upana wa mita tatu nne upande mmoja, pashindiliwe murumu, papandwe miti ya kivuli, watu wapite. Mwanafunzi anayetembea kando ya lami huku lori likimtupia vumbi, mama anayepeleka maembe sokoni kwa baiskeli, mchungaji na mbuzi wake. Siku treni ikifika, kama itafika, njia ya miguu itabaki pembeni yake. Isipofika, angalau wajukuu wetu watarithi mstari mzima, si vipande.

Rafiki yangu mmoja wa Lamu, Mbajuni, nahodha wa boti ya kuvusha watu Mokowe, aliposikia wazo hili alinitazama kwa huruma. "Dada, wewe wataka tupande baiskeli kule Hindi, Lamu bara, na basi lenyewe lenda na askari?" Ni kweli, na sitalizunguka. Barabara ya Garsen kwenda Lamu imeshambuliwa mara nyingi, watu wameuawa, na mabasi yamekuwa yakisafiri kwa msafara wenye ulinzi. Njia ya starehe haijengwi mahali ambapo mtu anahesabu kama atafika. Lakini ukanda huo una sehemu na sehemu, na ile ya karibu na Mokowe, ambako watu wanaishi na kulima na kusoma, haina haja ya kungoja Juba.

La pili alilonikumbusha ni zito zaidi. Mradi huu umeshawatia watu uchungu. Wavuvi walikwenda mahakamani kwa sababu uchimbaji wa bandari uliharibu maeneo yao ya kuvulia, na mwaka 2018 Mahakama Kuu, hapa hapa Malindi, ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi zaidi ya 4,600. Mtu aliyepoteza mwamba wake wa samaki ukimpelekea habari za njia ya baiskeli, ana ruhusa ya kukufukuza. Basi njia hii isiletwe kama zawadi kutoka juu. Waulizwe wenyewe wanapita wapi. Nina hakika watakuonyesha, kwa sababu wanapita tayari, kwa miguu, kwenye vijia ambavyo havimo katika ramani yoyote ya mradi.

Kuna wanaosema tuanze na reli zilizokufa kweli, na Kenya tunazo. Ile ya Voi kwenda Taveta, iliyojengwa kwa haraka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili kubeba wanajeshi wa Uingereza kuelekea mpaka wa Wajerumani, ilikuwa imeota nyasi nilipoiona. Niliwahi kutembea kidogo kando yake upande wa Mwatate. Juu ya reli yenyewe hakutembeleki: mataruma yamekaribiana mno kwa hatua ya mtu mzima, ukiruka mawili ni mbali, ukikanyaga kila moja unakwenda kwa madaha kama bi harusi, na kokoto katikati zinateleza chini ya kiatu. Baiskeli ndiyo usiseme. Wenyeji wameshatatua, kuna kijia cha udongo mwekundu pembeni, kimelainishwa na nyayo, kinafuata reli kwa utiifu. Vilima vya Taita viko kulia kwako, na njia haina haraka. Ingekuwa safari ya ajabu kwa baiskeli, na mbele baada ya Maktau reli inaingia mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako tembo na simba hawatambui mstari wa mtu yeyote. Hilo waachiwe wenye mamlaka ya wanyama walifikirie. Mimi narudi kwetu.

Maana mpaka hayo yote yatokee, sisi wa Malindi tuna njia yetu tambarare ambayo hakuna mhandisi aliyeichora. Ni mchanga wakati wa bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana, na mchanga unaobaki nyuma, hasa kaskazini ya Mambrui, ni mgumu kiasi kwamba tairi la baiskeli halizami. Unavuka daraja la Sabaki kwa barabara, huku mto ukipeleka udongo wake mwekundu baharini, unateremka Mambrui, na kuanzia hapo ni wewe, kaa, na ndege wa pwani. Kushoto matuta ya mchanga, kulia bahari. Hakuna kupanda, hakuna kushuka.

Kasoro yake ni mbigiri. Haziko mchangani penye maji, ziko kwenye kile kijia cha kuteremkia, zimejificha kwenye majani yake yanayotambaa, na mwiba wake una pembe kiasi kwamba hata uangukeje, ncha moja inatazama juu. Mara ya mwisho nilirudi nikiwa nasukuma baiskeli, mpaka kwa fundi wangu. Alilitoa tairi kwa vijiko viwili vilivyopinda, akaivuta tyubu, akaitia pumzi na kuizamisha kwenye karai la maji. Viputo vikatoka sehemu tatu. Akachomoa mbigiri moja, akaiweka kwenye kiganja changu nione, ndogo kuliko punje ya mtama. Akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza ikauke, akabandika kiraka alichokikata kwenye tyubu ya pikipiki, akagonga kwa nyundo mara chache. Kisha akapitisha kidole kwenye mnyororo, akakilamba. "Chumvi," akasema, na bei ikapanda.

Anayetaka kujaribu, basi, atazame jedwali la maji kwanza. Chagua siku ya bamvua ambayo maji yanapwa asubuhi, ushuke muda wa saa mbili kabla hayajafika mwisho wa kupwa, na ugeuke pindi yanapoanza kurudi, kwa sababu yakijaa utaburura baiskeli kwenye mchanga laini chini ya jua la saa sita. Wakati wa kusi utakwenda kaskazini upepo ukikusukuma, ukadhani umekuwa bingwa. Kurudi ndiko kutakuonyesha. Beba tyubu ya akiba, pampu na maji ya kunywa kuliko unavyodhani unahitaji. Kwenye kijia cha kuteremkia ibebe baiskeli begani mpaka mchangani, usiisukume. Na ukifika nyumbani osha mnyororo kwa maji ya bomba jioni hiyo hiyo, uufute, uutie mafuta.